Ukiniambia "Improve", Nitakuuliza: Nini?

Watu wangu, leo sina video. Leo nina neno moja tu, na limenikwama kooni kama mfupa wa samaki. Neno lenyewe ni "improve".

Unalijua. Hata kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji, hilo unalijua, manake sidhani kuna mtoto wa Kenya aliyemaliza shule bila kuandikiwa. Liko kwenye ripoti ya shule, mstari wa mwisho, karibu na muhuri. Liko kwenye mahubiri ya Jumapili. Liko kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, katikati ya picha za maua na salamu za asubuhi. Hapa Kachibora stejini utamsikia mtu wa boda akimwambia mwenzake, "Siku hizi umeimprove, buda," na kitu kilichobadilika ni koti la mvua tu. Tumelichukua tukalivisha viambishi vyetu, likatulia kabisa: ameimprove, hajaimprove, ataimprove lini?

Hilo swali la mwisho ndilo langu. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo ilikuwa imebaki, baba alikuwa amekodisha ekari moja kulipia mwaka wa kwanza, na ekari ya pili ilikuwa kwenye foleni. Tuna ekari tatu. Nilipiga hesabu, nikafunga sanduku, nikapanda matatu hadi Kitale, na kutoka Kitale nikarudi nyumbani. Sasa napiga video: harusi, wakulima, maduka ya mbegu na dawa za mifugo. Kuna mwezi unalipa, na kuna mwezi unaniangalia tu.

Kila familia ikikutana, senge wangu ananitazama kutoka juu mpaka chini, anatikisa kichwa, anasema, "Lakini wewe, si uimprove?"

Kwetu senge ni senge. Dada ya baba akiongea unainamisha kichwa na unaongeza chai kwa kikombe chake. Humuulizi, "Niimprove nini, senge?" Lakini swali lilibaki ndani yangu, na kadiri nilivyoligeuzageuza ndivyo nilivyoona kwamba si la utani.

Angalia hivi. Kwa Kiingereza, "improve" inaweza kusimama peke yake. Hali ya hewa "improves". Mgonjwa "improves". Alama, barabara, tabia, biashara, vyote "improve". Na unaweza kumgeukia mtu ukamwambia "Improve!" ukaenda zako, na sentensi imekamilika.

Sasa jaribu kwa Kiswahili. Mwambie mtu "Boresha!" Atakusubiri umalize. Boresha nini? Kitenzi chenyewe kinadai kitu cha kushika. Kimetoka kwa "bora", kikaongezwa ule mwisho wa kusababisha, kwa hivyo lazima kuwe na mtu anayefanya na kitu kinachofanywa. Halafu Kiswahili hakikubali gunia moja libebe kila kitu. Mgonjwa anapata nafuu. Nyumba inakarabatiwa. Kisu kinanolewa. Alama zinapanda. Mtoto anakua. Matokeo ya mtihani, ukisikiliza taarifa ya habari, yameimarika. Na mtu mzima anayerudi kusoma jioni baada ya kazi, huyo anajiendeleza. Ni maneno saba kwa kazi ambayo Kiingereza kimeipa neno moja.

Mimi sisemi Kiswahili ni kitakatifu. Nasema tu kwamba ukilazimika kuchagua kati ya kunolewa, kukarabatiwa na kupata nafuu, kwanza lazima ujue wewe ni kisu, ni nyumba ama ni mgonjwa. "Improve" inakuruhusu uruke hapo.

Kama jambo hili lingeishia kwangu na senge, nisingeliandika. Lakini mwaka wa 2025 lilifika kwa mdogo wangu.

Alikuwa Kidato cha Tatu, shule ya kutwa. Muhula wa kwanza alileta ripoti: hesabu 31 kwa 100. Mwalimu wa somo aliandika, "Improve on Maths." Mwalimu wa darasa aliandika kwamba anaweza kufanya vizuri zaidi. Mwalimu mkuu alimalizia kwa neno moja, nafikiri unaweza kulibahatisha. Mama akanipa karatasi nimsomee, nikamsomea, akauliza, "Sasa wanataka afanye nini?" Nikaangalia ile karatasi juu na chini. Watu wazima watatu wameandika, na hakuna hata mmoja aliyesema afanye nini.

Usiku huo mdogo wangu akaniambia anataka kuacha shule. Aliisema polepole, akiwa anaosha sufuria, kama mtu anayesema kesho kutanyesha. "Wewe si uliacha? Na si unakula?"

Wacha niwaambie ukweli, hapo ndipo nilipoona hili neno lina meno. Kwa sababu ningeweza kumpa ile hotuba yetu ya mtandaoni, eti shule si kila kitu, eti angalia fulani na fulani. Nyinyi mnajua hizo video zinatazamwa. Ningeweza pia kumpa hotuba ya senge. Zote mbili zingekuwa neno lile lile limevaa nguo tofauti.

Nilimwambia hivi: "Mimi niliacha kwa hesabu. Ilikuwa ekari moja, mbili, tatu. Wewe unataka kuacha kwa sababu ya neno."

Akanyamaza. Nikajua angalau amesikia.

Baadaye nilikaa na simu nikaanza kulifuatilia hilo neno, limetoka wapi, limezaliwa na nani. Nilichokipata kilinifanya nicheke peke yangu gizani.

Kwanza, mimi siku zote nilidhani "improve" na "prove" ni ndugu. Yanafanana mpaka mkia. Na ndivyo tunavyoliishi: ukiambiwa uimprove, unasikia uthibitishe, uwaonyeshe watu kwamba wewe si bure. Kumbe hapana. "Prove" limetoka kwa Kilatini, na maana yake ni kupima, kujaribu. "Improve" limepitia kwa Kifaransa cha zamani kilichozungumzwa Uingereza, na kiini chake ni neno lililomaanisha faida. Ile herufi v liliazima baadaye kwa sababu lilifanana na hao wengine. Ndugu yake wa kweli kwa Kiingereza ni "proud", neno la kujivunia. Kwa hivyo, kwa asili yake, kuimprove hakukuwa kumthibitishia mtu chochote. Kulikuwa kukifanya kitu kikuletee faida.

Pili, kitu hicho mara nyingi kilikuwa shamba. Waingereza wa zamani walikuwa wana-"improve" ardhi: unazungushia ua, unalima pale ambapo kila mtu alikuwa analisha mifugo, kodi inapanda. Mwenye shamba anafaidika. Yule aliyekuwa anachunga pale anatafuta pengine pa kwenda. Maana ya kujiboresha wewe kama mtu, akili yako na tabia zako, ilikuja baadaye.

Sasa wewe uliyekulia Trans Nzoia, hebu soma hiyo aya tena polepole. Wazee wetu hapa hawahitaji kamusi kuielewa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iligawia wanajeshi wazungu waliotoka vitani mashamba, na Trans Nzoia ilikuwa ndani ya ule mgao. Sheria ya ardhi ya 1915 ilikuwa imeshafungua mlango wa mikataba ya miaka 999. Reli ikafika Kitale 1926. Ua zikasimama, mahindi yakapandwa, na kwa macho ya mkoloni hapo ndipo ardhi ilipoanza kuwa kitu. Waliokuwa wanachunga na kuwinda kabla ya ua, wakiwemo Wasengwer ambao mpaka leo wanadai tambarare hizi, walihesabiwa kama watu ambao hawakuwa wameifanyia ardhi chochote.

Kwa hivyo swali la "improve nini" linakuja na pacha wake: kwa faida ya nani? Mtu akiniambia nijiboreshe, nataka kujua kama anafikiria mimi, ama anafikiria vile atakavyonitaja kwa majirani. Si kila anayekuambia hivyo ana nia mbaya. Senge wangu hana nia mbaya hata kidogo. Lakini swali si dhambi.

Nikiishia hapo nitakuwa nimelionea hili neno, kwa sababu kuna mahali hapa hapa kwetu ambapo kuboresha kulifanywa vizuri, na kila nyumba ya Kachibora inakula matunda yake. Naongea juu ya mahindi.

Kituo cha utafiti cha Kitale kilianza kazi ya kuboresha mahindi miaka ya 1950, chini ya mtaalamu aliyeitwa Michael Harrison. Kampuni ya Kenya Seed nayo ilianzishwa Kitale, mwaka wa 1956. Walianza na kile kilichokuwa tayari kinamea huku. Walichagua na kuchagua katika mahindi ya wakulima wa eneo hili, wakapata aina waliyoiita Kitale Synthetic. Halafu wakatafuta mwenzake mbali, wakaleta mahindi ya nyanda za juu za Ecuador, Amerika Kusini. Wakavusha hiyo na hii. Mwaka wa 1964 wakulima wakapata H611, na baadaye ndugu zake, pamoja na H614 ambayo baba yangu mpaka leo anaiita kwa namba kama anamuita rafiki wa jeshini.

Ona vile ilifanyika. Hawakuja wakasema mahindi ya hapa ni mabaya, tupa. Hawakusema pia kwamba ya Ecuador ndiyo bora, pandeni hayo peke yake. Nusu ya nguvu ilitoka kwa kile kilichokuwa hapa, kimeshazoea mvua yetu na baridi ya usiku inayoshuka kutoka milima ya Cherang'any. Na kabla ya kuvusha walijua wanatafuta nini: magunia zaidi kwa ekari. Walikuwa na kitu cha kuboresha, walikuwa na kipimo, na walikuwa na heshima kwa mwanzo wao.

Na kuna jambo lingine ambalo mkulima yeyote atakuambia bure. Mahindi yanaweza kuwa bora na yasiwe imara. Aina hizi za kwetu ni ndefu, zinakuzidi urefu kabisa, zinajaza ghala. Lakini upepo ukija vibaya unakuta mistari mizima imelala chini. Ndiyo maana napenda kwamba Kiswahili kina "kuboresha" na pia kina "kuimarisha". Bora ni ukijilinganisha na wengine. Imara ni upepo ukija, unabaki umesimama. Nimeona watu wangu wa rika hili wakikimbilia ubora kwa kasi, simu mpya, kamera mpya, Kiingereza kipya cha puani, halafu upepo mdogo tu, mwezi mmoja bila kazi, na mtu amelala chini.

Hata neno "gredi" hapa kwetu lina maana mbili. Ukisema mtu ana gredi, inabidi uulizwe kama ni ya mtihani ama ni ng'ombe. Ng'ombe wa gredi ni yule aliyetokana na ng'ombe wa kienyeji aliyepandishwa na dume la kizungu, na mtoto wake tena, na mjukuu wake tena. Inachukua vizazi. Hakuna mtu anayesimama kando ya zizi akimpigia ng'ombe wa kienyeji kelele, "Improve!" Lakini mtoto wa miaka kumi na saba, huyo tunampigia.

Basi tukarudi kwa mdogo wangu na zile 31 zake. Jumamosi moja nilimwambia alete karatasi yenyewe ya mtihani, sitaki ripoti. Tukaiweka mezani. Kwanza nikamwonyesha lile neno la mwalimu, "Improve on Maths." Kwa Kiingereza cha vitabuni, "improve on" kitu ni kutengeneza kingine kinachokishinda. Mbegu mpya inaweza ku-"improve on" ile ya zamani. Kwa hivyo ukisoma kama lilivyoandikwa, mwalimu anamwomba msichana wa Kachibora avumbue kitu kinachoshinda hesabu yenyewe. Alicheka mpaka akafuta machozi. Ni vigumu kuogopa neno ambalo umelicheka.

Halafu tukahesabu. Alama 31 maana yake 69 zimepotea, na zilipotea mahali. Sehemu ya pili ya karatasi ya hesabu unachagua maswali matano kati ya manane, kila moja alama 10. Yeye alikuwa amejibu mawili. Muda ulimwishia. Hizo ni alama 30 ambazo hazikuguswa kabisa. Tukapata nyingine 14 ambazo jibu lilikuwa karibu, lakini hakuonyesha njia, ameandika tu jibu la mwisho kama mtu anayetuma meseji. Zilizobaki, 25, ndizo za vitu ambavyo hakuvielewa kwa kweli.

Alikaa kimya akiziangalia. Alikuwa anaamini kwamba yeye ni mjinga wa hesabu, mzima mzima. Sasa mbele yake kulikuwa na vitu vitatu tofauti, na vyote vina jina la Kiswahili. Cha kwanza ni kugawa muda. Cha pili ni kuandika njia. Cha tatu tu ndicho kusoma upya. Cha kwanza hakihitaji akili mpya, kinahitaji saa ya ukutani.

Muhula wa pili alijibu maswali manne katika sehemu ile. Alipata 43. Si habari ya gazeti. Bado ni chini ya nusu, na kuhusu kuacha shule hajaniambia kama amebadilisha nia, ila kila asubuhi namuona akitoka na begi. Ripoti ikaja. Mstari wa mwisho, karibu na muhuri, kimeandikwa nini? Unajua. Mtoto amesogea hatua 12, neno halijasogea hata moja.

Najua kwamba wadogo wanaofuata, wale wa mtaala mpya, wana lugha nyingine. Wao wanapewa viwango: kuzidi matarajio, kufikia, kukaribia, ama kuwa chini ya matarajio. Nafurahi kwamba "kukaribia" angalau inamwambia mtoto anaelekea mahali. Lakini ni matarajio ya nani, na yako katika nini? Mzazi asipoonyeshwa hayo mawili, tumebadilisha muhuri tu.

Neno ninalolipenda kuliko yote liko kwa kukhu wangu. Yeye kwa miaka mingi alikuwa kwenye kikundi cha akina mama cha Maendeleo, ile Maendeleo ya Wanawake iliyoanza mwaka wa 1952. Alijifunza kushona huko, na kuweka vitabu vya chama. Kukhu hajui "improve". Anajua kuendelea. Nikimuuliza habari ya miguu yake anasema, "Tunaendelea." Nikimuuliza habari ya shamba, "Tunaendelea." Na kutoka kwa kuendelea tukapata kuendeleza, na kutoka hapo kujiendeleza. Angalia lile neno lilivyo: halina hukumu ndani yake. Halisemi ulikuwa mbaya. Linasema ulikuwa njiani tayari, na sasa unajisukuma mbele kidogo, wewe mwenyewe.

Mimi niko hapo. Mwaka huu nimenoa kitu kimoja: sauti kwenye video zangu. Nilikuwa narekodi wakulima upepo ukivuma mpaka husikii mtu anasema nini. Nimejifunza kuweka kinasa sauti karibu na mdomo, kukifunika kitambaa, na kungoja upepo upite. Wateja wawili wamerudi kwa sababu hiyo. Ekari mbili za baba bado ziko mikononi mwake, na ile ya kwanza mkataba wake unaisha msimu ujao. Huko kote siwezi kukuita "kuimprove". Ni vitu vidogo, kila kimoja na jina lake.

Kwa hivyo ukitaka kunishauri, karibu, mimi nasikiliza. Ukiwa mzazi umeshika ripoti, ukiwa mwalimu umeshika kalamu, ukiwa senge umeshika kikombe, nakuomba kitu kimoja tu: malizia sentensi. Mwambie mtoto ni nini, na aanzie wapi. Ukishindwa kuimalizia, basi ujue bado hujamwangalia vizuri.